Moto Haunyimwi Jirani

Choroko zilianza vizuri, na ndiyo maana Hidaya Ntandu hakuwa na wasiwasi. Juzi zilichomoza, jana zikanyoosha shingo, na akamwambia Msengi kwamba wiki ijayo wangefungua geti udongo uende shambani. Asubuhi hii aliingia kwenye kibanda cha vipimo na kikombe cha uji mkononi, akazikuta zimelala. Trei nzima. Zimelalia upande mmoja kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe.

Akaweka kikombe chini, akashika mche mmoja kwa vidole viwili, akauvuta taratibu. Haukung'ang'ania hata kidogo. Shina lilikuwepo, majani yalikuwepo, mzizi ndio haukuwepo. Pale ulipopaswa kuwa palikuwa na utelezi kama kamasi. Akavuta wa pili, akavuta wa tatu, halafu akaacha, maana mtu akishaona ameona.

"Msengi," akaita. "Njoo utazame."

Msengi ndiye aliyeendesha mashine ya kupindua lundo, mtu wa maneno mengi aliyefanya kazi na Hidaya tangu wote wawili wana meno yote. Aliingia akijifuta mikono, akainama juu ya trei.

"Umezimwagia maji mengi."

"Mimi? Kazi hii nimeianza jana?"

"Basi panya."

"Panya anakula mzizi anaacha jani? Huyo panya kasomea wapi?"

Msengi akataka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Alichovya kidole kwenye ule utelezi, akakinusa, akakifuta haraka kwenye suruali.

Sasa, asiyejua atauliza: choroko kulala ni msiba gani? Udongo wa nchi ile ulikufa zamani, enzi za bibi zao. Plastiki zilitupwa, zikachakaa, zikasagika zikawa vumbi, vumbi likaingia ardhini mpaka ardhi ikakataa mbegu. Kilichobaki ni kuutengeneza udongo upya, lundo kwa lundo, kwa maganda, mavi ya mbuzi, majani na takataka zote za majumbani. Na kwa kuwa takataka haziji bila plastiki, wataalamu walitengeneza walaji, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, kazi yao kuila plastiki ndani ya lundo. Lundo likiwa vuguvugu walaji hula. Lundo likipamba moto, walaji hufa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote ya kiwanja: sakafu ngumu yenye mteremko, maji machafu yaishie bwawani yasifike kisimani, vikavu viwe vingi kuliko vibichi, lundo lipinduliwe lipate pumzi, na joto lipande likae juu mpaka mlaji wa mwisho afe. Choroko zilipandwa kuhakikisha kwamba amekufa. Mlaji akitoka mzima akaenda shambani hatakuta plastiki ya kumtosha, na njaa yake haiishi. Atakula kinachofanana na chakula.

Na sasa alikuwa anakula mizizi.

Kanuni ya choroko zilizolala ilikuwa fupi. Kiwanja kifungwe, lundo lichomwe mpaka majivu yawe meupe, na popote udongo wake ulipofika pachomwe pia. Kiwanja kilichochomwa hakiwashwi tena, kwa sababu sakafu yenyewe haiaminiki. Kata isiyo na lundo haina udongo mpya, isiyo na udongo haina mavuno, na isiyo na mavuno hufutwa. Malori huja, watu hupakiwa na masufuria yao, hupelekwa kwenye mabanda ya ziwani. Huko ziwani watu waliokwenda ni wengi, aliyerudi kusimulia bado hajaonekana.

"Igongwe imekwisha," Msengi akasema.

 Hidaya kata hiyo ya Igongwe alikuwa ameshaizika kichwani tangu mche wa pili. Aliyekuwa akimfikiria ni Mwanaidi, na ndoo.

*

Lundo jipya ni baridi. Unaweza kulipanga kwa kanuni zote, kikavu na kibichi na maji yake, likakaa tu likikutazama. Mamlaka ya Udongo ilitoa pakiti za kuliwashia, zimefungwa vizuri na muhuri juu, na kanuni ilisema lundo liwashwe kwa pakiti, si kwa kingine. Lakini pakiti zilichelewa, na watu wa nyanda zile walikuwa na njia yao, ya tangu enzi za mafiga. Moto ukikuzimikia, unakwenda kwa jirani kuomba. Jirani anachimba mpaka katikati kabisa ya lundo lake, pale panapounguza mkono, anakujazia ndoo. Unaifunika gunia bichi, unajitwika, na njiani huitui chini, maana wanasema ikigusa ardhi iliyokufa inapoa. Ukiizika kwenye lundo lako, kesho yake linafuka moshi. Aliyeombwa hanyimi. Na lundo la mtu likifa, wale aliowahi kuwapa humrudishia. Mamlaka walikataza, watu wakaitikia ndiyo, kisha wakaendelea kupeana. Utamnyima vipi mtu moto?

Mwanaidi alikuwa msimamizi wa kiwanja cha Mlimbwe, upande wa pili wa mbuga. Alikuwa mjane wa Shabani, kaka yake Hidaya, na Shabani alipokuwa anakata roho alimshika dada yake mkono akasema, wanangu hao. Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Mwezi uliopita Mwanaidi alikuja na ndoo. "Wifi, limenizimikia," akasema, na Hidaya akachimba mwenyewe, akachota katikati, akamjazia mpaka juu. Alimwekea na muhogo wa watoto.

Ndoo ile ilitoka kwenye lundo hili hili.

Akawasha redio.

"Igongwe kwa Mamlaka."

"Nakusikia, dada Hidaya. Umeamkaje?" Alikuwa Perpetua, ofisa wa zamu. Hawakuwahi kuonana, lakini kwa miaka mingi walikuwa wakisalimiana kwa sauti mpaka wakazoeana.

"Sijaamka vizuri. Choroko zimelala."

Upande wa pili kiti kikasogezwa.

"Baadhi, au zote?"

"Zote."

"Joto?"

"Lilifika sabini likakaa. Tumepindua kila ilipotakiwa. Unyevu ulikuwa sawa, ukiminya konzi linatoa tone, halichuruziki. Perpetua, mimi nimefuata kila kitu."

"Uliliwasha kwa pakiti?"

Hidaya akatazama rafu. Pakiti ilikuwa pale, muhuri wake haujaguswa, imeshika vumbi. "Kwa lundo la zamani," akasema.

"Na hilo la zamani?"

"Kwa la kabla yake."

Perpetua akashusha pumzi. Hakugomba, na ingekuwa nafuu kama angegomba. "Dada, viwanja vingine vyote vyenye lundo lililoiva vimepima, na choroko zao zimesimama. Ni kwako tu. Likiishia kwako, nyanda nzima imepona. Sasa nakuuliza swali la kanuni, na jibu linarekodiwa. Kuna moto uliotoka nje ya geti lako?"

Msengi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwepo siku ile ya ndoo. Yeye ndiye aliyemtwisha Mwanaidi. Hidaya aliyaona macho yake yakimngoja.

Akiwaza upesi, aliona hivi. Lundo la Mlimbwe bado bichi, halijafika kupimwa wala halijatoka kwenda popote. Akilitaja litachomwa, na malori yatakwenda Mlimbwe kama yatakavyokuja Igongwe, na wale watoto watatu watapandishwa juu wakiwa na masufuria yao. Asipolitaja, atakwenda mwenyewe. Atamwambia wifi yake alimwagie chokaa, alizime kimyakimya, alipange upya sehemu nyingine ya uwanja, na atampa ile pakiti aliwashe kwa kitu safi. Nani atajua? Ni siku chache tu.

"Hapana," akasema. "Hakuna."

"Asante," akasema Perpetua, na Hidaya alisikia kwamba ameshukuru kwa moyo. "Nafunga geti sasa. Litajifungua lenyewe majivu yakipoa. Pole sana, dada yangu."

Nje geti likaguguma, likajifunga.

"Ungemwambia," Msengi akasema.

"Wakaichome Mlimbwe? Wale watoto nilikabidhiwa."

"Na nyanda nzima amekabidhiwa nani?"

"Nitakwenda kumwambia mwenyewe geti likifunguka. Wewe niachie."

Msengi alikuwa na haki ya kusema zaidi. Akaenda kuwasha mashine.

*

Lundo halichomeki kirahisi, kwa sababu lina maji. Walilibomoa, wakalitandaza sakafuni tabaka nyembamba, wakaliacha jua lilikaushe, wakalipindua, wakalikausha tena, ndipo wakaliwasha kwa gesi ya bwawa la maji machafu. Lilitoa moshi mzito ulioinuka wima kwanza, kisha ukainama upande wa mbuga. Ule haukuwa moshi wa kupikia. Mtu yeyote wa nyanda zile akiuona hata kwa mbali anajua kuna lundo limekufa.

Watu wa Igongwe walikuja mmoja mmoja, wakasimama nje ya uzio. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja aliyemfahamu Hidaya tangu utotoni alishika waya kwa mikono miwili.

"Mwanangu, tutapanda nini?"

"Hatutapanda, mama."

"Mwaka huu?"

 Hidaya aliendelea kuvuta reki, na yule mama akaelewa, akakaa chini palepale.

Kazi ile ilimpa Hidaya nafasi ya kufikiri, na kufikiri hakukumsaidia. Joto linaua walaji; hiyo ni kweli. Lakini kila lilipowashwa lundo jipya walichota moto kutoka wapi? Katikati. Palipo moto kuliko pote. Kama palikuwa na mlaji mmoja aliyeponea chupuchupu, alikuwa pale pale katikati, na ndoo ilimchukua yeye ikawaacha waliokufa. Lundo lililofuata likampika tena, na waliopona wakachotwa tena. Mwaka baada ya mwaka, yeye na mama yake kabla yake walikuwa wanachagua wagumu kwa mikono yao wenyewe, kama mfugaji anayebakiza dume bora. Na hapakuwa na jambo waliloliona jema kuliko hilo. Aliichukia mikono yake, akaendelea kuitumia kwa kuwa hakuwa na mingine.

"Msengi, ni kuomba moto," akasema jioni moja wamekaa wanangoja. "Ndiko kulikowazaa hawa."

Msengi akachokoa majivu kwa kijiti. "Basi ni heri pakiti."

"Pakiti hatukuzitaka. Tulisema udongo wa pakiti hauna utu."

"Aliyesema nani?"

"Mimi. Niliwaambia Mamlaka mkutanoni, na watu wakanipigia makofi."

Majivu yalianza kijivu, yakaja meupe. Hidaya hakulala usingizi wa maana. Redio alikuwa nayo, lakini redio iliita Mamlaka peke yake. Neno la kwenda kwa Mwanaidi lingepita kwao kwanza. Alijiambia kwamba lundo bichi haliendi popote. Lina miguu? Liko pale Mlimbwe limekaa, linamngoja.

Asubuhi majivu yalipopoa, geti likaguguma likajifungua. Hidaya alikuwa tayari. Alikuwa amevaa viatu vya safari, amefunga pakiti kwenye pindo la kanga, na maneno ya kumwambia wifi yake ameyapanga. Alipofika getini akasikia wimbo.

Wanawake walikuwa wanakuja kutoka upande wa mbuga, wengi, na vumbi juu yao. Mbele alikuwa Mwanaidi. Kichwani alikuwa na ndoo, imefunikwa gunia bichi, na gunia lilikuwa linafuka mvuke.

Lundo lilikuwa halijafa nyanda zile tangu enzi za mama zao. Hidaya aliijua mila ya kurudisha moto kama anavyojulikana babu aliyefariki kabla hujazaliwa, kwa jina tu. Hakuwa ameikumbuka hata mara moja.

"Wifi," Mwanaidi akasema. Alikuwa anahema, na uso wake ulijaa furaha na machozi kwa pamoja. "Tuliuona moshi. Nikasema, lundo la Hidaya limekufa, na mimi moto wangu ni wake, na Mamlaka hawajanifungia geti, basi ni mzima. Nitakaa nikitazama? Wema hauozi, wifi yangu. Nikachimba katikati, usiku huo huo."

"Mmepita wapi?"

"Tumepita kotekote. Moto wa kurudisha haupiti mlango wa mtu kimya, si unajua." Akageuka nusu, ndoo imetulia kichwani, akawaonyesha wenzake mmoja mmoja. "Huyu wa Kisonga. Huyu wa Mwando. Wale wa Nkalakala, na wale pale wa Mtisi, wametembea tangu juzi. Kila kiwanja kimeweka konzi lake humu, na kila kiwanja kimechota konzi kikalizika kwake, ili tushirikiane baraka. Hata mmoja hakukataa."

Msengi, aliyekuwa nyuma ya Hidaya, alikaa chini kwenye majivu.

Hidaya aligeuka akarudi kibandani. Hakuufunga mlango. Aliwasha redio.

"Igongwe kwa Mamlaka."

"Dada Hidaya! Naona geti limefunguka. Hongera, umefanya kazi ngumu. Huku tulikuwa tunasema..."

"Perpetua, lile swali. Nilikudanganya."

Upande wa pili karatasi zilifunguliwa.

"Ilitoka ndoo moja, ikaenda Mlimbwe. Nilikuwa nakwenda kuizima leo."

"Mlimbwe peke yake?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada, niambie Mlimbwe peke yake, tutaiwahi."

"Mlimbwe. Kisonga. Mwando. Nkalakala. Mtisi." Alisita. "Andika vyote. Usiache hata kimoja."

Alisikia Perpetua akiandika, kisha kalamu ikasimama. "Mtisi ni kwetu," akasema mwishowe. "Mama yangu yuko Mtisi." Kisha redio ikakoroma, na haikuwa na mtu tena.

Alipotoka nje wimbo ulikuwa umekatika. Mlango ulikuwa wazi na uwanja mdogo. Walikuwa wamesikia kila neno. Wengine walikuwa wanaitazama mikono yao. Mmoja alikuwa ameanza kuisugua kwenye kanga, akisugua, akisugua. Mmoja wa wale wa Mtisi alikuwa ameshaanza kurudi mbio njia waliyojia, ingawa kwao ni mwendo wa siku mbili na alichokuwa anakiwahi kilikuwa kimeshazikwa.

Mwanaidi hakusogea. Alikuwa ameishusha ndoo kutoka kichwani, ameikumbatia kifuani. Hakuitua chini.

"Ulijua," akasema. "Siku zote hizi za moshi."

"Nilijua."

"Ungesema kwenye redio, nisingechimba."

"Usingechimba. Wangekuchomea lundo lako peke yake." Hidaya alisikia jinsi neno hilo, 'peke yake', lilivyotoka, akainamisha macho. "Nilitaka watoto wa Shabani wabaki na pa kulima. Nilikuwa nakuletea hii."

Akafungua pindo la kanga akamwonyesha pakiti. Muhuri ulikuwa mzima. Mwanaidi aliitazama, akamtazama wifi yake, akaitazama sakafu ya Igongwe iliyokuwa nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Upepo ulikuwa unaanza kuyapeperusha majivu.

"Watoto nimewaacha wanamwagilia lundo," akasema. "Mdogo alisema shangazi akilima atatuletea muhogo tena."

Walisimama hivyo. Jua lilikuwa linapanda.

"Wifi," Mwanaidi akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa. "Nipokee basi. Mikono inaniuma."

Hidaya aliiacha pakiti ikaanguka. Akanyoosha mikono miwili kama mila inavyotaka, akaipokea ndoo. Ilikuwa bado ya moto.